Amri ya Kutokaribia: Karatasi ya Mahakama, Kikuku cha Kielektroniki na Dakika Sita za Lupiro

Barabara inayotoka Ifakara kuelekea kusini huvuka Mto Kilombero kwa daraja, ikapita katikati ya mashamba ya mpunga, na baada ya takribani kilomita 26 ikafika Lupiro. Hapo hugawanyika: tawi moja hupanda Mahenge, makao makuu ya Wilaya ya Ulanga, na jingine huelekea Malinyi. Mtu aliyeumizwa nyumbani kwake, akifika Lupiro kutafuta matibabu, naye huwa amesimama kwenye njia panda. Anaweza kufungwa jeraha akarudi alikotoka, au anaweza kuanza safari ya kutafuta ulinzi wa sheria. Mara nyingi mtu wa kwanza kumkuta hapo ni muuguzi au tabibu wa zamu, kabla ya askari na kabla ya hakimu.

Tuchukue mfano ambao si wa mtu mmoja, bali umejengwa kutokana na mambo ambayo wahudumu wa afya vijijini huyakuta mara kwa mara. Mpunga umevunwa, magunia kadhaa yameuzwa, na fedha imezusha ugomvi. Mama wa watoto watatu analetwa kituoni usiku kwa bodaboda, mkono umevunjika na sauti imekauka. Anatibiwa, fomu ya polisi inajazwa, mume anakamatwa. Siku mbili baadaye mume anapata dhamana, ambayo ni haki yake kisheria, na jioni hiyohiyo anarudi kwenye nyumba ileile alimo yule mama. Hakuna aliyekiuka utaratibu. Lakini hakuna pia aliyeuliza swali la msingi: kati ya watu hawa wawili, nani atalinda umbali?

Makala haya yanahusu umbali huo: namna sheria inavyouamuru, namna nchi nyingine zinavyoupima kwa mitambo, na namna mhudumu wa afya na mgonjwa wa bonde la Kilombero wanavyoweza kuudai kwa nyenzo zilizopo leo.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2015–16 kiwango hicho kilikuwa asilimia 40. Kupungua huko kunatia moyo, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila wanne. Kabla ya hapo, utafiti wa nchi nyingi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005, ambao hapa nchini ulifanywa kwa ushirikiano na wanazuoni wa Muhimbili, ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza huyo.

Wanaume nao hupigwa na kuteswa majumbani, na yote yatakayosemwa hapa kuhusu sheria yanawahusu vilevile. Hata hivyo, wanaofikishwa wodini na mochwari kwa mikono ya wenza wao ni wanawake kwa wingi zaidi, na ndiyo sababu mifano mingi ni yao.

Sheria tuliyo nayo

Watu wengi bado huamini kwamba mume ana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na cheti cha ndoa hakilifuti kosa hilo.

Tanzania Bara, hata hivyo, haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani yenye amri ya ulinzi inayojitegemea. Jirani zetu wanazo: Uganda ilitunga yake mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Chini ya sheria hizo mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba jambo moja tu, kwamba fulani asimkaribie, bila kulazimika kwanza kudai talaka. Sheria ya Uganda inakwenda hatua moja mbele na kuwapa wataalamu wa afya na ustawi wa jamii wajibu wa kumsaidia aliyeumizwa kupata matibabu, mahali salama na maelezo ya haki zake.

Kwetu, ulinzi wa namna hiyo umetawanyika katika sheria mbalimbali, na ni lazima mtu ajue pa kuutafuta. Sehemu tatu zinafaa kukumbukwa.

Ya kwanza imo katika Sheria ya Ndoa yenyewe. Shauri la ndoa linapokuwa mahakamani, au baada ya amri ya kutengana au talaka kutolewa, mahakama inaweza kumwamuru mwanandoa aache kujilazimisha kwa mwenzake na aache kumsumbua. Mashauri ya ndoa husikilizwa hata na Mahakama ya Mwanzo. Kikwazo ni kwamba amri hii hutegemea shauri la ndoa, na kwa kawaida shauri la talaka hutanguliwa na baraza la usuluhishi. Kumketisha mama mwenye mkono uliofungwa plasta mbele ya aliyemvunja, ili wapatanishwe, kunaweza kumweka katika hatari mpya. Ni vema ijulikane kwamba sheria inaruhusu mahakama kuipuuza hatua ya baraza pale panapokuwa na mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Maelezo ya kitabibu kuhusu ukubwa wa madhara ni sehemu ya kuonyesha mazingira hayo.

Ya pili ni ahadi ya kutunza amani. Mtu anayetishia kuvunja amani anaweza kuitwa mbele ya hakimu na kutakiwa atie saini ahadi, yenye wadhamini au isiyo nao, kwamba atatunza amani kwa muda utakaowekwa. Hapa haihitajiki asubiriwe mpaka apige.

Ya tatu ni masharti ya dhamana, na hapo ndipo tutakapokaa kidogo, kwa kuwa ndipo mhudumu wa afya anapoweza kusaidia zaidi.

Dhamana yenye umbali

Dhamana si msamaha. Mshtakiwa hajatiwa hatiani, na katika makosa mengi sheria inampa nafasi ya kusubiri hukumu akiwa nje. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inayoongoza mahakama za wilaya na zilizo juu yake, inampa hakimu uwezo wa kuweka masharti anapotoa dhamana. Anaweza kumtaka mshtakiwa aripoti polisi au kwa mamlaka nyingine kwa vipindi maalumu. Anaweza kumzuia asifike eneo au jengo fulani. Anaweza kumzuia asishirikiane na watu fulani. Akivunja masharti hayo, anaweza kukamatwa na dhamana yake ikafutwa.

Tuyasome tena masharti hayo kwa macho ya yule mama wa Lupiro. Kutofika kwenye nyumba anamoishi, kutofika kwenye shamba analolima, kutofika kwenye kituo anakotibiwa, kutomtafuta yeye wala mashahidi: hiyo, kwa maana yake yote, ni amri ya kutokaribia. Haihitaji cheti cha ndoa, kwa hiyo inamlinda hata anayeishi kinyumba au aliyekwisha kuachana na mwenza. Haimfungi mshtakiwa gerezani kabla ya hukumu, wala haimwachi mlalamikaji bila kinga. Ni njia ya kati, na imo tayari katika sheria zetu.

Sharti hilo, hata hivyo, haliji lenyewe. Mwendesha mashtaka ndiye anayeliomba, na ataliomba iwapo amejua kwamba kuna hatari. Hakimu naye atalikubali kwa urahisi zaidi akiona sababu iliyoandikwa. Sababu hiyo huanzia kituo cha afya. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, iliyoandikwa maneno mawili, “jeraha mkononi”, haimwambii hakimu lolote kuhusu kesho. Fomu inayosema kwamba mgonjwa alieleza kukabwa shingo, kwamba sauti yake imekauka na anameza kwa maumivu, kwamba hii ni mara ya tatu katika miezi sita na kwamba ametishiwa kuuawa, inamweleza hakimu kwa nini umbali unahitajika.

Mipaka ya njia hii nayo isemwe. Masharti ya dhamana hukoma kesi inapokwisha. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za mwenendo, kwa hiyo mahali shauri linapofunguliwa pana uzito. Mahakama ya Wilaya ya Ulanga iko Mahenge, na nauli ya kupanda huko si jambo dogo kwa mkulima. Aidha, mlalamikaji akiiondoa kesi, masharti huondoka pamoja nayo. Ndiyo maana wadau wengi wa haki wanaendelea kudai sheria mahususi. Lakini mgonjwa aliyelala wodini leo hawezi kusubiri Bunge. Apewe kwanza kinga iliyopo.

Kikuku kinachopiga kelele

Swali linalofuata ni zito zaidi. Amri ikishatolewa, nani atajua kwamba imevunjwa?

Mnamo Machi 2008, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, Cindy Bischof aliuawa nje ya ofisi yake na aliyekuwa mpenzi wake. Alikuwa na amri ya mahakama ya kumlinda, na mtu yule alikuwa ameshaivunja kabla. Karatasi ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kujua, kwa wakati, kwamba muuaji alikuwa njiani. Familia yake ilipigania sheria inayobeba jina lake, iliyoanza kutumika mwaka 2009, ambayo inaruhusu mahakama kuwavisha wavunjaji wa amri hizo kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha mahali walipo.

Kifaa chenyewe si kipya. Kilianza kutumika kwa wahalifu mwaka 1983 huko Albuquerque, Marekani, chini ya Jaji Jack Love, kwa lengo la kumfungia mtu nyumbani bila kumpeleka jela. Miaka mingi ilipita kabla ya kugeuzwa kazi, kutoka kumchunga mhalifu hadi kumlinda aliyeumizwa. Hispania, iliyotunga sheria yake kubwa dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2004, ilianzisha mfumo wa kitaifa wa namna hiyo mwaka 2009, na Ufaransa ikaanza kutumia vikuku vyake mwaka 2020.

Mfumo hufanya kazi hivi. Mtu aliyeamriwa asikaribie huvaa kikuku asichoweza kukivua bila mtambo kujua. Anayelindwa hubeba kifaa kinachofanana na simu. Vyote viwili huwasiliana na setilaiti na mtandao wa simu, na kituo cha uangalizi kilicho wazi usiku na mchana huona umbali uliopo baina yao. Jaji hupanga mpaka, kwa mfano mita 500. Mpaka ukivukwa, kituo humpigia anayelindwa ili ajifiche au aondoke, humpigia aliyevuka ili arudi nyuma, na huwaita polisi. Ubora wake mkubwa ni kwamba mpaka huenda na mtu: akiwa sokoni, shambani au kanisani, umbali unapimwa kutoka alipo.

Hata hivyo, mitambo nayo ina udhaifu wake. Mwaka 2025 nchini Hispania kulizuka mjadala mkali baada ya waendesha mashtaka kuripoti kwamba mabadiliko ya kampuni inayosimamia vikuku yalifanya kumbukumbu za zamani zisipatikane kwa muda, na baadhi ya kesi za kuvunja amri zikayumba kwa kukosa ushahidi. Hata kwa wenye setilaiti, kinga ilitetereka pale kumbukumbu zilipokosekana.

Na sheria nzuri peke yake haitoshi. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, tarehe 1 Septemba mwaka huo, na mtu ambaye polisi walimtaja kuwa mwenza wake. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Kenya wakati huo ilikuwa na sheria ya amri za ulinzi kwa miaka tisa.

Dakika sita

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme mpaka ni mita 500. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 6. Akiwa juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, hutumia sekunde 45. Gari la kuja kuokoa, likitoka kilomita 26, sawa na umbali kati ya Ifakara na Lupiro, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huchukua dakika 26. Mvua za masika zikinyesha, zaidi.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, king’ora bila mtu wa karibu wa kukiitikia ni taarifa ya msiba tu. Pili, hata siku vikuku vitakapofika nchini, jibu la dakika sita za kwanza litakuwa palepale kijijini: kwa jirani, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mgambo, kwa ndugu mwenye mlango imara.

Kwa hiyo tukikitazama kikuku vizuri tutaona kinafanya kazi tatu: kinajua kwamba mpaka umevukwa, kinamwonya anayelindwa, na kinaita msaada. Kazi hizo tatu zinaweza kupangwa, kwa kiasi, pasipo kikuku. Dereva wa bodaboda anayeegesha njia panda humwona anayeingia kijijini. Simu ndogo ya kitochi yenye namba tatu zilizohifadhiwa mapema humwonya mama na kuwaita majirani. Yowe, ambalo wazee wetu walilitumia kwa simba na kwa moto, bado husikika mita 500 katika usiku mtulivu. Linalohitajika ni makubaliano ya awali: nani ataambiwa, ishara ni ipi, nani atafungua mlango, nani atapiga simu polisi.

Bonde la Kilombero lina ugumu wake wa pekee hapa. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani, zikakaa huko kwa wiki au miezi kulinda mpunga, mbali na majirani na pengine mbali na mtandao wa simu. Mpango wa usalama uliopangwa kijijini haufanyi kazi kule. Mhudumu anapozungumza na mgonjwa lazima amuulize: utalala wapi msimu huu, na nani atakusikia ukiita? Pengine jibu salama ni kulima na dada au mama mkwe anayemwelewa, au kubaki kijijini mpaka kesi isogee.

Kuna msemo kwamba wagombanao ndio wapatanao, na ni kweli kwa ugomvi wa maneno kati ya watu walio sawa. Hautumiki pale mmoja anapomkaba mwenzake koo. Jirani anayeitikia yowe haingilii ndoa ya watu, anazuia kifo.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu unataka mambo matano yafanyike hata pale penye watumishi wachache: kumsikiliza mtu kwa utulivu, kumuuliza anahitaji nini, kumthibitishia kwamba anaaminiwa na hana lawama, kumwongezea usalama, na kumwunganisha na huduma nyingine. Katika mazingira yetu, mambo hayo huwa na sura hii.

Uliza faraghani. Mwenza aliyemsindikiza mgonjwa na kukataa kutoka chumbani ni dalili inayopaswa kukutia shaka. Mwombe asubiri nje kama utaratibu wa kituo kwa wagonjwa wote. Usitumie ndugu wala mtoto kuwa mkalimani.

Tibu kwanza. Mwenye jeraha la hatari hutibiwa, na PF3 hufuata. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72. Kila saa inayopotea kwenye foleni ya karatasi humpunguzia kinga.

Andika kama mtu atakayeitwa mahakamani, kwa kuwa unaweza kuitwa. Mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyeijaza fomu aje aulizwe. Taja tarehe na saa, maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, mahali pa kila jeraha, ukubwa wake kwa sentimita, rangi yake, na chombo kinachodhaniwa kutumika. Chora mwili na uweke alama. Andika jina lako lisomeke. Usiandike habari za ukatili kwenye kadi ya kliniki ambayo mgonjwa atarudi nayo nyumbani. Ziandike kwenye jalada linalobaki kituoni.

Uliza kuhusu kukabwa shingo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa katika hatari ya kuuawa naye baadaye zaidi ya mara saba kuliko ambaye hakukabwa. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote shingoni. Tafuta sauti iliyokauka, ugumu wa kumeza, vidoa vyekundu machoni, kupoteza fahamu au kujikojolea wakati wa tukio. Mgonjwa wa namna hii asiharakishwe kuruhusiwa, kwani uvimbe wa koo na madhara ya mishipa huweza kujitokeza baadaye.

Pima hatari ya kesho. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitengeneza katika miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kutambua walio karibu na kuuawa. Kiini chake kinafaa popote: Je, kipigo kimezidi kwa wingi au ukali? Ametishia kuua? Ametumia panga, kisu au bunduki? Anakufuatilia kila uendako? Amekupiga ukiwa mjamzito? Umemwacha, au umemwambia utamwacha? Swali la mwisho lina uzito wa pekee, maana wakati wa kuondoka ndio mara nyingi wa hatari kubwa kuliko yote. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa “si umwache tu” bila mpango ni kumsukuma kwenye hatari.

Hatimaye, kwa ridhaa yake, yapeleke maelezo hayo kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii, ukiomba waziwazi kwamba mwendesha mashtaka aombe sharti la kutokaribia endapo dhamana itatolewa. Sentensi hiyo moja inaweza kuwa dawa yenye nguvu kuliko zote ulizoandika siku hiyo. Muombe pia ofisa amjulishe mgonjwa siku mshtakiwa atakapotoka. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa ngazi ya kata na kijiji chini ya mpango wa taifa, MTAKUWWA, zinaweza kupewa kazi ya kufuatilia kama sharti linaheshimiwa.

Kwako unayesoma ukiwa na hofu

Huenda gazeti hili umelikuta kwenye benchi la kliniki, na huenda aliyekuumiza amekaa nje anakusubiri. Soma haya kisha uliache hapohapo.

Kipigo si haki ya mtu yeyote juu yako, uwe umeolewa kanisani, msikitini, kimila, au hujaolewa kabisa. Mhudumu akikuuliza peke yako, unaweza kusema. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na jeraha lisilotajwa huandikwa kwamba ulianguka.

Ukiripoti polisi, uliza mambo matatu: kesi itasikilizwa mahakama gani, atapewa dhamana lini, na je, ataamriwa asikukaribie? Akishaamriwa, omba uelezwe masharti yenyewe na uyakariri. Mpe nakala au maelezo yake mtu unayemwamini na mwenyekiti wa kitongoji chako, kwa kuwa amri ambayo majirani hawaijui haina mlinzi. Akivunja, hata kama amekuja kwa upole na zawadi, toa taarifa siku hiyohiyo na uandike tarehe.

Weka mahali pasipo nyumbani kwako nauli kidogo, kadi za kliniki za watoto, kitambulisho, na dawa unazotumia kila siku kama ARV au za shinikizo la damu. Kubaliana na jirani mmoja juu ya ishara. Usimweleze atakayekwenda kuyasema. Na ikiwa bado hujawa tayari kushtaki au kuondoka, kituo cha afya hakitakufukuza. Rudi utibiwe, useme tena, iandikwe tena. Kila maandishi ni jiwe katika msingi wa ulinzi wako wa baadaye.

Kabla vikuku havijafika

Pengine siku moja msichana wa Lupiro atabeba kifaa kidogo kitakachomwambia kwamba yule asiyepaswa kumkaribia yuko mita 500, na askari atakuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa wakati. Pengine pia tutakuwa na sheria inayompa amri ya ulinzi bila mzunguko. Yote mawili yanafaa kudaiwa, na vyuo vya afya vina wajibu wa kuyadai kwa takwimu na kwa ushahidi wa wodini.

Lakini umbali kati ya anayepiga na anayepigwa unaweza kuanza kuwekwa usiku huu, kwa kalamu ya tabibu wa zamu. Mama wa mfano wetu alirudi nyumbani bila kinga kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba alikabwa, na kwa hiyo hakuna aliyeomba mume wake asikaribie. Safari ijayo atakapoletwa mwingine kama yeye, sauti imekauka na mkono umefungwa kanga, tujue la kuuliza, la kuandika, na la kuomba.